Felco 2 kwenye vichaka vya maua: mkasi unaokata tawi moja moja

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kama nyumbani una vichaka vya maua zaidi ya viwili vitatu, unatumia mkono wa kulia na kiganja chako si kidogo, Felco 2 ni mkasi wa kununua ukaachana na habari ya mikasi. Bei yake inauma, na hilo nitalirudia huko mbele. Ila nimeshaukatia waridi, haibiskasi, iksora, bogenvilia, azalia na oleanda, nimeufungua na kuufunga sijui mara ngapi, na mpaka leo unakata kikonyo kibichi bila kukiachia nyuzi zinazoning'inia.

Sasa kwa wenye muda.

Bustani yetu ilikuwa na serikali mbili. Mbele ilikuwa himaya ya mzee wangu na mashine yake ya umeme ya kukatia uzio, nyuma ilikuwa yangu na mikasi yangu. Mzee wangu ni mtu wa mambo yaliyonyooka. Haibiskasi lazima iwe duara, iksora lazima iwe sanduku, na jani likichomoza nje ya mstari analiona limekosa adabu. Akiwasha ile mashine, dakika chache tu kazi imekwisha, kichaka kimelainika pande zote, naye anarudi nyuma hatua mbili tatu kukitazama, mikono kiunoni. Sikatai, kinapendeza. Kinachokosekana ni maua.

Wala hakuna uchawi hapo. Haibiskasi huchanua kwenye ncha za matawi machanga, yale yaliyoota msimu huu huu. Ua lenyewe kwa kawaida hukaa siku moja tu likanywea, kwa hiyo kichaka kikitaka kuonekana kimechanua kinahitaji ncha changa nyingi zinazopokezana, leo hii, kesho ile. Mashine haitofautishi ncha yenye tumba na isiyo na tumba. Inapita juu juu na kuzifyeka zote. Ukiirudisha kila baada ya wiki chache, unavuna matumba kabla hayajafumbuka. Halafu kila ncha iliyokatwa hutoa vichipukizi viwili vitatu palepale karibu na kidonda, hivyo kichaka kinajivika ganda zito la majani, mwanga hauingii tena, na ukilipanua ganda hilo kwa mikono unakuta ndani vijiti vitupu. Majani yaliyokatwa nusu nayo hukauka kingo yakawa ya kahawia, na kwa siku kadhaa kichaka kinaonekana kama kilichobabuliwa na moto.

Mkasi wa mkono hauna namna ya kupita juu juu. Unakata tawi moja, unasimama, unatazama lingine. Kwa uzio wa majani matupu huo ni usumbufu. Kwa kichaka cha maua ndiyo kazi yenyewe, na mkasi wowote nitaupima kwa hilo: je, unanifikisha kwenye tawi nililolichagua, na unalikata vizuri?

Dukani utakutana na namna mbili kuu za mikasi ya kupogolea. Ipo ambayo kisu kinashuka na kutua juu ya kibao bapa. Hiyo inafaa kwa tawi kavu, maana tawi kavu halina cha kuumia. Kwenye tawi bichi inaminya kabla ya kukata, na ule upande uliominywa ndio unaokauka kurudi nyuma na kukaribisha ukungu. Namna ya pili ni ile ambayo kisu kilichopinda kinapishana na taya ya pili, kinateleza ubavuni mwake. Felco 2 ni ya namna hii, na kwa vichaka vya maua, ambavyo karibu kila unachokata ni kibichi, sioni sababu ya kununua ile ya kwanza.

Kuna jambo wauzaji wengi hawalisemi: mkasi huu una upande. Kisu kiwe upande wa tawi linalobaki mtini, taya ya pili iwe upande wa kipande kinachotupwa. Taya ndiyo inayobana gome, kisu ndicho kinachokata. Chukua kitawi cha waridi chenye unene wa penseli, ukikate mara moja hivi na mara moja kinyume chake, kisha vitazame vidonda viwili hivyo kwenye mwanga. Cha kwanza ni duara safi, gome limeshikana na mti kote kuzunguka. Cha pili kina mstari mwembamba uliochubuka upande mmoja, na ukiugusa kwa ukucha gome linacheza. Mkasi ni huohuo, mkono ni huohuo. Tofauti ni kuugeuza tu, chini juu, juu chini.

Kampuni ya Felco ilianzishwa na Félix Flisch mwaka 1945 huko Les Geneveys-sur-Coffrane, Uswisi, na modeli hii ya 2 ipo tangu 1948. Nautaja umri wake kwa sababu una faida kwa mnunuzi. Kifaa kisichobadilishwa umbo kila mara ndicho kinachopatikana vipuri, na mkasi huu kila kipande chake kinauzwa peke yake: kisu, taya, springi, bolti, nati, hata kile kijimpira kati ya mipini. Urefu wake ni milimita 215, uzito gramu 240, na unakata tawi la unene wa hadi milimita 25. Mipini ni aluminiamu iliyofuliwa, imevikwa plastiki nyekundu. Huo wekundu niliudharau mwanzoni nikidhani ni mbwembwe, mpaka nilipoanza kuuweka chini katikati ya majani na kuuona nikiwa mbali. Kisu kina mfereji mwembamba unaokwangua utomvu usigande kati yake na taya. Karibu na bolti kuna kipengo kidogo cha kukatia waya mwembamba, nacho kina kisa chake, nitakieleza.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni nati ya katikati. Ina meno kuzunguka ukingo wake, na kuna kipande kidogo kinachoingia kwenye meno hayo na kuizuia isizunguke. Kwenye mikasi ya bei nafuu niliyopitia kabla ya huu, ugonjwa ulikuwa mmoja tu: nati inalegea, kisu na taya vinaachana kidogo, na kikonyo chembamba badala ya kukatika kinajikunja kati yake na kukwama. Unabaki unavuta, gome linachanika hadi kwenye jicho la chini, yaani pale chipukizi linapotokea. Watu wakifika hapo husema mkasi umekuwa butu, wanautupa. Mara nyingi makali yapo, kilichokosekana ni mkazo. Hapa unakaza jino moja au mawili, unajaribu: visu visicheze kushoto kulia, na springi iweze kuufungua mkasi bila kusaidiwa. Basi, unarudi kazini.

Nilivyoujaribu kwa kila kichaka ni hivi.

Waridi ndiyo mtihani wa ncha. Ua likishanyauka unashuka na kikonyo chake mpaka kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, unatafuta jicho linaloangalia nje ya kichaka, unakata milimita tano au sita juu yake, mkato ukiinamia upande usio na jicho ili maji yasitiririke na kukaa juu ya chipukizi. Ukikata mbali sana unaacha kijiti kitakachokauka. Ukikata karibu mno unalijeruhi jicho lenyewe. Ncha ya Felco 2 ni nyembamba vya kutosha kuingia kwenye pembe kati ya kikonyo na jani bila kugusa kisichohusika, na kwa kuwa kisu kimepinda, tawi halikimbilii mbele unapobana. Nimewahi kutumia mikasi yenye ncha nene ambayo ilinilazimu kukata pale inapoingia, wala si pale ninapotaka.

Waridi uliobebeshwa una balaa lingine: machipukizi yanayotoka chini ya mahali palipounganishwa, kwenye shina mama. Yana nguvu, yanapanda haraka, na ukiyaachia yatameza ule waridi ulioununua. Hapo mkasi tia mfukoni. Fukua udongo kidogo, lishike chipukizi mahali linapoanzia, ling'oe kwa kulivuta chini. Ukilikata, macho yaliyobaki kwenye kisiki chake yatakuletea mengine.

Haibiskasi ndiyo niliyotaka kuisemea zaidi, maana ndiyo iliyokuwa mbele ya nyumba, kwenye serikali ile nyingine. Mzee wangu alipopumzika kidogo na mashine yake, niliingia na mkasi. Sikugusa ganda la nje kwanza. Nilipiga magoti, nikatazama chini. Kichaka cha haibiskasi cha umri mkubwa kina mashina ya kila kizazi: ya zamani yenye gome la kijivu lililopasukapasuka, na machanga yenye gome laini. Nilichagua yale mazee zaidi, nikayatoa karibu na chini, yasizidi theluthi moja ya mashina yote. Hiyo theluthi ni kanuni ya kushika kwa karibu vichaka vyote. Ukizidisha unakinyima kichaka majani ya kujilishia, nacho hujibu kwa kurusha fimbo ndefu dhaifu za majani matupu.

Mashina hayo mazee ndipo mkasi ulipofika mwisho wa uwezo wake. Milimita 25 inaonekana kubwa ikiandikwa, lakini tawi gumu la haibiskasi lenye unene huo linataka mkono wenye nguvu, na lile linalozidi hapo halitaki mkasi kabisa. Kishawishi ni kuuzungusha kushoto kulia, unabana huku unakoroga. Usithubutu. Ukikoroga unavipinda visu viachane, na hakuna kukaza nati kutakakovirudisha. Chukua msumeno mdogo wa kupogolea, ule unaokata ukivutwa. Nilikata kwa mkasi vyote vilivyoingia vyema ndani kabisa ya taya, karibu na bolti, maana huko ndiko kwenye nguvu, vilivyobaki nikavimaliza kwa msumeno.

Baada ya mashina, nilikuja kwenye matawi ya nje. Badala ya kuyasawazisha, niliyafupisha kwa kupishana. Hili nikalishusha mpaka juu ya kifundo chenye jicho la nje, lile la jirani yake nikaliacha, baada ya wiki chache nikayarudia yale niliyoyaacha. Hivyo kila wakati kuna matawi yanayochipua na mengine yanayochanua, na kichaka hakifungi duka kwa pamoja. Mwanga uliingia ndani, vile vijiti vitupu vikaanza kutoa macho ya kijani kwenye gome. Mzee wangu alipita akasema kichaka kimekaa kihuni. Maua yalipoanza kufuatana hakusema kitu, ila nilimwona akimwonyesha mgeni.

Bogenvilia inakwenda kwa kanuni hiyohiyo ya tawi changa, ila yenyewe ina miiba na kiburi. Watu husema maua yake ni ya zambarau au ya machungwa. Hizo karatasi za rangi ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe katikati. Rangi hutokea kuelekea ncha za matawi mapya, kwa hiyo awamu moja ikishakwisha unafupisha zile fimbo ndefu, nazo zinatoa vitawi vya pembeni vitakavyobeba awamu ijayo. Ukiona inakua majani tu wala haichanui, usiulaumu mkasi. Tazama maji na mbolea. Bogenvilia inayomwagiliwa kila siku na kulishwa naitrojeni nyingi hujinenepea kwa majani. Inapenda jua kali na udongo unaokauka kati ya maji na maji. Kuhusu mkasi wenyewe, urefu wa milimita 215 unatosha kuingiza kiganja katikati ya fimbo zake lakini hautoshi kukuepusha na miiba, hivyo vaa glovu za ngozi zinazopanda hadi juu ya kifundo cha mkono. Glovu hizo nene zinaongeza ukubwa wa kiganja, na hapo ndipo mwenye kiganja kikubwa atakapoona mkasi umembana.

Azalia na kamelia zina sheria iliyo kinyume, na hapa hata mkasi bora duniani haukuokoi. Matumba ya maua yajayo huandaliwa mapema kwenye matawi yaliyokwisha kukua, muda mrefu kabla ya kuchanua. Ukizipogoa mara tu maua yanapokwisha, zina nafasi ya kuandaa mengine. Ukisubiri hadi karibu na msimu wake, unakata maua yenyewe, tena hutajua mpaka msimu upite patupu. Haidrenja ya vichwa vikubwa vya mviringo nayo ni hivyohivyo kwa kawaida, wakati ile ya mashada marefu yenye ncha huchanua kwenye matawi mapya na inavumilia kukatwa sana kabla haijaanza kuchipua. Kabla ya kutia mkasi kwenye kichaka usichokijua, kiangalie kikichanua: ua limekaa kwenye kitawi kichanga cha kijani, au linatoka kwenye mti uliokwisha kuwa na gome? Hilo tu litakuambia lini ukate.

Oleanda naitaja kwa onyo. Ni kichaka kizuri, kigumu, kinachanua kwa muda mrefu, na kila sehemu yake ina sumu: jani, ua, utomvu, mti. Vaa glovu, usiwape watoto matawi wachezee, usiyarushe mifugo inapofika, na usiyachome, maana moshi wake nao una madhara. Ukimaliza, futa mkasi kabla ya kuugusa mdomo, jicho au mche mwingine. Poinsetia na alamanda nazo zina maziwa yanayowasha ngozi ya baadhi ya watu, na yakikauka kwenye kisu huwa gundi.

Hapo ndipo usafi unapoingia, na hapo ndipo Felco 2 inapolipa bei yake. Springi inatoka kwa mkono. Ile nati inataka spana, kisha kisu chote kinakuja mkononi, bapa, na unaona kilichojificha: ukanda mweusi wa utomvu pale kinapopishana na taya, na chembe za gome zilizojipanga kwenye mfereji. Kwa mikasi iliyopigiliwa ribiti huwezi kufika hapo, unasugua nje tu huku uchafu ukibaki ndani. Mimi nasugua kwa kitambaa chenye spiriti, ule ukanda mweusi ukikaidi naukwangua kwa waya laini wa kusugulia, nafuta, naweka tone la mafuta kwenye bolti, nafunga. Kati ya kichaka kimoja na kingine, hasa nikitoka kwenye waridi wenye madoa meusi ya ukungu, napangusa visu kwa spiriti ya asilimia 70. Klorini inaua vijidudu pia, ila inakula chuma. Ukiitumia suuza na ukaushe palepale.

Kisu hiki si cha chuma kisichoshika kutu. Ukiuacha mkasi nje usiku, asubuhi utaukuta na vidoa vya rangi ya chungwa. Sihesabu hilo kuwa kasoro, kwa sababu chuma cha namna hii ndicho kinachonoleka hadi makali ya kweli, lakini kama wewe ni mtu wa kusahau vitu bustanini ujue mapema. Kunoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ni upande mmoja tu unaonolewa, ule wa nje wenye mteremko. Fuata mteremko uliokuwepo, vuta jiwe kutoka kwenye bolti kuelekea ncha, mara chache, bila papara. Kisha geuza kisu, lilaze jiwe karibu bapa kabisa, pitisha mara moja kuondoa kile kijiukingo kilichojikunja. Taya ya pili usiinoe. Haikuwekwa ikate.

Sasa kile kisa cha waya. Shemeji yangu aliazima mkasi, akaona kile kipengo, akauliza cha nini, nikamwambia cha waya. Kosa la kusikia nusu ni lake. Kipengo kile ni cha waya mwembamba, ule wa kufungia waridi kwenye nguzo. Yeye alikuwa na waya nene wa kuzungushia banda, na ulipokataa kwenye kipengo akaupeleka kwenye makali. Mkasi ulirudi na pengo katikati ya kisu ambalo hata jiwe lisingelifuta. Kwa mkasi mwingine wowote niliowahi kuwa nao, huo ungekuwa mwisho. Huu nilinunua kisu peke yake, nikafungua nati, nikatoa cha zamani, nikaweka kipya, nikakaza. Tangu siku hiyo shemeji akija kuazima kitu nampa msumeno.

Hiyo ndiyo hesabu ya bei ninayoielewa. Anayelinganisha Felco 2 na mkasi wa rafu ya chini ataona mwizi amesimama mbele yake. Lakini ule wa rafu ya chini ukilegea, ukipinda au ukipoteza springi, unatupwa wote. Kama una kichaka kimoja cha waridi unachokikata mara moja moja, chukua wa bei ya kati wenye visu vinavyopishana na bolti inayofunguka, utakutosha, hela inayobaki nunua mbolea. Na mipini myekundu peke yake isikudanganye. Ipo mikasi mingi iliyopakwa rangi hiyo hiyo, kwa hiyo tafuta jina na namba ya modeli kwenye chuma chenyewe, kisha fungua na ufunge mara kadhaa ukisikiliza kama visu vinakwaruzana.

Wasiofaa kuununua wapo. Mwenye kiganja kidogo atajinyoosha vidole mpaka vimuume, naye atazame Felco 6, ambayo ni fupi na nyembamba zaidi na inakata hadi milimita 20. Binti yangu anatumia hiyo, na akishika wangu analalamika kabla hajakata kitu. Mwenye mkono wa kushoto asidanganywe kwamba atazoea. Kisu kitakaa upande usiofaa na hataona anapokata. Zipo modeli za 9 na 10 zilizotengenezwa kwa ajili yake. Mwenye kifundo cha mkono kinachouma na kazi nyingi, kuna ya 7 ambayo mpini wake mmoja unazunguka kufuata vidole. Na mwenye baridi yabisi au nguvu kidogo za kubana, huenda mkasi wa hatua kwa hatua, ule unaobana, unaachia, unabana tena mpaka tawi likatike, ukamfaa kuliko Felco yoyote, hata kama kazi itakwenda polepole.

Mashine ya mzee wangu bado ipo, na kwenye ule uzio wa majani matupu kando ya njia haina mpinzani. Nilimwomba jambo moja tu, uzio uwe mpana chini na uchongoke kidogo kuelekea juu, ili mwanga ufike hadi chini na majani ya huko yasife. Iksora bado tunabishania. Yeye anataka sanduku, mimi nataka vile vishada vyekundu, na kwa sasa tumegawana: vichaka viwili vya karibu na mlango ni vyake, vingine vyote vinakatwa kwa mkasi.